Mimba ya Sukari

Majirani zangu wa Walukuba, mjini Jinja, walikuwa wakinipongeza, nami nikitamani kuwatukana. "Hongera, mama," wanasema, macho yote tumboni kwangu. Hongera ya nini? Tumbo la kwanza nalo walilipongeza. Lilikua upesi kupita miezi yake, mume wangu akanunua hadi beseni la kumwogeshea mtoto, kumbe ndani hamkuwa na mtoto hata kidogo. Mlikuwa na uvimbe, na uvimbe ukageuka saratani. Dawa zikaninyonyoa nywele zote, nikapona, alhamdulillahi. Daktari alisema ninaweza kuzaa. Alisema pia kwamba ugonjwa ule huweza kurudi kwa sura ileile.

Basi tumbo lilipokua tena, sikuliita mimba. Nililiita "hili." Hili limenikosesha usingizi, hili halitaki harufu ya samaki. Mume wangu akinitania kwamba nimebeba mgeni wa heshima asiyetajwa, namkatiza hapohapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi wa tano ukaisha, hakuna kilichocheza. Kila asubuhi nilibaki kitandani chali, mkono tumboni, nikingoja. Hofu ilinila mpaka chakula kikanishinda.

Wifi yangu, aliyekuwa akiishi Nkoma kule Mbale, alisema kwao kuna mkunga anayesikiliza moyo wa mtoto kwa pembe yake ya mti, akiibandika tumboni. Akaja Jinja kunichukua, tukapanda basi.

Vita vilikuwa vimekwisha redioni. Barabarani bado. Tulipokaribia Mbale tulikuta kizuizi, wanajeshi wakatushusha sote. Siku hizo sukari ilikuwa adimu, na wanawake wa magendo waliifunga tumboni chini ya magauni yao ya gomesi, wakatembea wameshika kiuno kama wajawazito. Askari mmoja akanitoa mstarini. Bunduki ilimning'inia begani.

"Wewe mama, nabeba nini hapa?"

Nikalitazama tumbo.

"Nauliza! Iko mtoto ao iko sukari?"

Mwanamke mwenye akili zake angesema mtoto. Lakini swali hilo ndilo nililokuwa nikijiuliza kila asubuhi, na nilikuwa nimechoka.

"Sijui, afande."

Wifi akapiga ukelele. "Afande, samehe yeye! Ni mimba, haki ya Mungu! Alikuwa mgonjwa huyu!"

"Tumbo yako, hapana jua?" Alidhani namfanyia mzaha. Akabandika kiganja tumboni, akabonyeza kwa nguvu, akiutafuta mfuko. Nikafumba macho. Bunduki sikuiogopa. Niliogopa asikute chochote.

Ndipo nikasukumwa kutoka ndani. Teke moja, palepale chini ya kiganja chake. Askari akaruka nyuma kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Ii! Iko mtu humo! Nasukuma mimi!" Akaanza kucheka, na watu mstarini nao wakathubutu kucheka. "Haya, mama, enda. Panda basi."

Wifi akanivuta gomesi. Sikwenda. Machozi yalinitiririka mpaka shingoni wala sikuyafuta. Nilimkamata yule askari mkono, bunduki yake ikiwa bado begani, nikaurudisha tumboni.

"Ngoja, afande," nikamwambia. "Ngoja kidogo. Mtoto wangu atarudia."