Nati Niliyoikaza Ziwani Duluti

Iko siku moja, Mwanangu, ambayo kila nikishika spana huwa naikumbuka. Nilikuwa kijana, nimekaa ndani ya boti kwenye Ziwa Duluti, natazama skrini isiyo na kitu. Usiharakishe kucheka ukisikia kwamba kijana huyo alikuwa ameshavuka miaka hamsini na kichwa chake kimejaa mvi. Kwetu mtu hubaki kijana maadamu yupo mzee wa kumkemea, na wangu alikuwapo, mzima wa afya na mwenye meno yake. Ngoja nikusimulie taratibu, maana jambo lenyewe lilianza kwa udadisi, na udadisi si dhambi hata kidogo.

Kazi yangu unaijua. Nimefunga madishi ya televisheni Arusha nzima, kuanzia hapa Lemara ninapoishi hadi huko juu Nkoaranga, ambako njia ni mlima mtupu na ngazi unaibeba begani katikati ya migomba. Fundi wa madishi ana imani moja tu: ukishayapata mawimbi, kaza nati, shuka, nenda zako. Dishi likitikisika, mteja atakupigia simu katikati ya taarifa ya habari, na maneno atakayokuambia si ya kanisani. Kwa hiyo mkono wangu ulizoea kukaza. Ungenipa mlango wa kabati, ningeukaza hadi usifunguke.

Sasa, alikuwapo Mama Gloria, mzaliwa wa Marangu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mama huyu alikaa Mwanza miaka mingi akapenda kuvua samaki kwa kujifurahisha. Akanunua boti ndogo, akaomba ruhusa ya kuiweka Duluti, akiwa na nia ya kuwapeleka wageni wavue kwa ndoano, wapige picha, kisha wamrudishe samaki majini. Jambo hilo liliwashangaza wengi. Wazee wetu wa mlimani samaki hawamli, wanamwona ni ndugu yake nyoka, na hapo tena anakuja mtu kutoka mjini kumvua halafu asimle. Lakini Mama Gloria alihitaji mtu wa kuendesha boti, nami nikampendekezea Nderingo, mtoto wa dada yangu Ndeshi aliyeolewa Nkoaranga.

Nderingo alikuwa ametoka Mererani, kwenye mashimo ya tanzanite, baada ya mwamba kuporomoka na kumchukua rafiki yake. Alirudi nyumbani hana maneno. Dada yangu alimpikia kama anavyopikiwa mgonjwa, na katika sala zake alikuwa na ombi moja tu, mwanawe asirudi shimoni. Kijana mwenyewe alishasema wazi kwamba akikosa kazi juu ya ardhi atarudi chini. Mama Gloria naye alisema wazi: ziwa likiwa na samaki wa kutosha, boti inabaki na Nderingo ana kazi, wakikosekana, boti inapakiwa kwenye lori kwenda Babati. Mtambo wa kuwaona samaki hao nilipewa mimi niufunge.

Mtambo wenyewe, Mwanangu, uliniondolea usingizi kwa hamu. Wanaouza wanauita sona ya mubashara. Kuna sensa, kidude cheusi kinachotosha kiganjani, unakifunga mwisho wa bomba na kukizamisha majini ubavuni mwa boti. Kinatoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, na sauti hiyo ikigonga kitu inarudi, kisha skrini inachora kilichogongwa papo hapo, kikiwa kinatembea. Ni kama kile kipimo cha wajawazito hospitalini, kinachomwonyesha mtoto akipiga teke. Nilidondosha kokoto nikaiona kwenye skrini ikishuka polepole hadi ikatua kwenye tope. Nikadondosha nyingine, na nyingine tena, hadi Mama Gloria akanikumbusha kwamba hakuniita kutupa mawe.

Juu ya lile bomba palikuwa na mkono wa kushikia, na kwenye mkono pamechorwa mshale. Sikujiuliza ni wa nini. Maelekezo yalikuwa kitabu kizima. Mimi nilisoma kurasa za waya na betri, zilizobaki nikaziacha zijisome zenyewe. Nikauelekeza mshale katikati ya ziwa, kwenye kina, kwa kuwa akili yangu iliniambia kwamba mali hukaa kwenye kina. Kisha nikafanya nilivyozoea kufanya juu ya mapaa ya watu: nikakaza nati hadi spana ikalia. Boti nayo niliifunga nanga mbele na nyuma isije ikatikisika.

Tukakaa. Skrini ilituonyesha tope, gogo moja lililozama, na maji matupu. Mara mojamoja kidoa kilipita kikapotea kabla sijamwonyesha Mama Gloria kwa kidole. Jua lilipoanza kuinama aliniuliza kwa upole kama mtambo wangu ni mzima. Hapo ndipo roho ya ufundi ikanipanda. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nikalisingizia ziwa. Nilimwambia kwamba mtambo ni mzima kabisa, ila Duluti haina samaki.

Laiti ningeishia hapo. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulikuwa na simu. Nikampigia dada yangu nikamweleza habari hizo kwa sauti ya mtaalamu, nikijiona namwepusha na matumaini ya bure. Kesho yake asubuhi kitanda cha Nderingo kilikutwa kimetandikwa na begi lake halipo.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Nkoaranga kuwapa pole. Dada hakunilaumu. Alinimiminia chai, akaketi mbele yangu mikono mapajani. Baba mkwe wake, Mzee Anaeli, babu yake Nderingo, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiwa bado na koti la kanisani. Nilimwamkia akaitikia, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: hiyo televisheni ya majini inafananaje? Nikamweleza. Akasema maelezo yangu ameyasikia, lakini yeye anataka kuiona, kwa kuwa amezeeka akilitazama ziwa hilo kwa juu tu. Nilimpigia simu Mama Gloria, na kwa kuwa lori lilikuwa bado halijaja, akaturuhusu.

Basi tukateremka, Mzee na fimbo yake, tukaingia kwenye boti nikaifunga mahali palepale. Nilipowasha skrini alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Alitoa ndizi mbivu mfukoni, akamega, akatupa kipande majini, akakifuata kwa macho kwenye skrini mpaka kikatulia, akacheka kama mtu aliyefumbuliwa kitendawili. Halafu maswali yakaanza. Sauti hiyo samaki wanaisikia? Haiwakeri? Na wao wanatuona sisi tulivyo wakubwa? Nikamjibu kwamba hayo yote siyajui. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hilo ni jibu zuri.

Kisha akageuza shingo taratibu akatazama nyuma yetu, kwenye mafunjo yaliyopo chini ya miti.

“Na huku kuna nini?”

Nikamwambia kwamba huko haioni. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimeikaza.

“Kwani imekatazwa kugeuka?”

Nikautazama ule mkono. Nikautazama ule mshale. Mwanangu, iko aibu inayoanzia miguuni ikapanda hadi masikioni, na siku hiyo niliihisi kila ilipopita. Mkono ule uliwekwa pale ili mtu aushike, augeuze kutwa nzima, atafute. Ile sensa inaona mbali, lakini inaona ukanda mwembamba tu, kama tochi. Usipoizungusha, umechagua mwenyewe kutokuona. Mimi nilikuwa nimeifanya dishi. Nikachukua spana, nikalegeza nati, nikaugeuza mkono polepole kuelekea kwenye mafunjo.

Walikuwapo. Kwanza wawili watatu, kisha kundi zima, wametawanyika kama punje za mahindi kwenye turubai, ila punje hizi zilitembea. Mmoja alipanda juu, wengine wakampisha. Nilitupa ndoano yenye chambo, tukaiona ikishuka, tukamwona samaki akiisogelea, akasimama mbele yake, akaifikiria, kisha akageuka akaenda zake. Nilifurahi, na furaha hiyohiyo ikaniletea sura ya dada yangu na chai yake.

Mzee Anaeli hakunikemea papo hapo. Aliwatazama samaki mpaka roho yake ikatosheka. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti:

“Kijana, ungesema, ‘Nimeangalia kule, sikuona.’ Hayo ni maneno ya mtu. Lakini ‘hakuna’ ni neno la Mungu, kwa sababu yeye ndiye anayeona pande zote. Wewe ulilichukua ukampa mjukuu wangu, naye akaondoka nalo.”

Jumatatu nilimpeleka Mama Gloria ziwani, nikamweleza nilivyofanya, nikamkabidhi ule mkono augeuze mwenyewe. Aliugeuza hadi kwenye mafunjo, akawaona samaki. Kisha akapiga simu kuahirisha lori, akaniambia nimtafute Nderingo, dereva wake wa boti.

Nilipitia Nkoaranga kuaga. Mzee alienda kwenye mpaka wa shamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Wewe umezaliwa mjini, pengine hulijui. Isale ndilo jani letu la kuomba msamaha, sisi Wachaga na hata jirani zetu wa Meru, na anayeletewa hulipokea, maana kulikataa ni jambo zito. Nilisitasita. Mjomba kumpelekea mpwa wake isale ni kama kupandisha maji mlima. Mzee akauliza tu kama neno lile nililitoa mimi au alilitoa mpwa wangu.

Huko Mererani nilisimama nje ya geti la machimbo, jani mkononi, watu wakipita wananitazama. Nilikuwa nimetuma salamu ndani kwa mtu anayemfahamu Nderingo, na sikujua kama zimefika au zimechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nikijiambia, na kila aliyetoka nilimtazama usoni. Walitoka wengi, wote weusi kwa lile vumbi la shimoni, nami nikawa siwezi kumtofautisha wa kwetu na wa wenzetu. Niliogopa, Mwanangu. Sijawahi kuogopa vile hata juu ya paa la ghorofa.

Hatimaye mmoja akasimama mbele yangu akasema shikamoo, Mjomba. Alilitazama jani, akanitazama, akauliza imekuwaje mkubwa amletee mdogo isale. Nikamwambia:

“Nilisema hakuna samaki. Ukweli ni kwamba niliangalia upande mmoja, nikakufungia milango yote. Nisamehe, mwanangu.”

Alipangusa viganja vyake kwenye shati, ambalo lilikuwa chafu kuliko hivyo viganja, ndipo akalipokea jani kwa mikono miwili. Akauliza kama kweli nimewaona. Nikamwambia mimi nimewaona, babu yake amewaona, na kwamba ndoano waliisogelea wakaikataa. Hapo akatabasamu, na sikuwa nimeyaona meno yake tangu msiba wa rafiki yake.

“Basi wana akili,” akasema. “Watahitaji mtu asiye na haraka.” Akaenda kuchukua begi.

Leo Nderingo huketi kwenye boti ile kiganja chake kwenye mkono wa lile bomba, akiuzungusha taratibu, kushoto, kulia, kwenye kina, kwenye mafunjo, na wageni wake huvua wakarudisha. Mzee Anaeli bado hali samaki, lakini kila akishuka ibadani humuuliza mjukuu wake kama wameongezeka.

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akiinama ageuze na shingo. Mitambo ya siku hizi ni mizuri, ipende, ifungue, iulize maswali hadi ichoke. Lakini usiikaze ielekee pale akili yako inapopenda, kisha ukasema dunia haina kitu. Ukiulizwa na ulikuwa umeangalia kidogo, sema umeangalia kidogo. Ukiwa hujui, sema hujui. Hakuna aliyewahi kuondoka nyumbani kwao kwa sababu ya neno hilo. Na mtu akikuwekea tumaini lake mkononi, usimjibu kabla hujazunguka pande zote, maana kwako ni maneno tu, ila kwake ndiyo njia atakayoishika kesho alfajiri.

Haya, nenda kazini. Mungu wa mlima na wa ziwa akulinde na shingo ngumu, akupe macho yasiyochoka kutafuta na kinywa kisichochoka kuuliza. Na neno likikuponyoka, akupe miguu ya kulifuata kabla halijamfikisha mtu shimoni. Amina.