Waya Alioukata Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na hilo peke yake halijawahi kuniudhi. Ananyoa vizuri. Ana chumba chenye kioo kimoja na kiti kimoja, wateja wanamsubiri kwenye benchi nje, na mtu akitoka pale shingo yake inang'aa. Kilichoniudhi ni kwamba mwaka huu aliamua kuwa fundi redio, na fundi redio katika familia yetu ni mimi. Ni mimi tangu yeye akivaa kaptula ya shule. Nina meza yangu, nina pasi yangu ya solda, nina kuta tatu za redio za watu zinazosubiri zamu. Mtaani kwetu mtu akiita "Fundi!", ninayegeuka ni mimi.

Yeye hakusomea kokote. Alijifunza kwa kunyoa. Fundi umeme anakuja, anakaa kitini, mdogo wangu anampaka povu, anamwekea wembe kooni, kisha anamuuliza kwa upole kabisa kapasita kubwa inaizidi nini ndogo. Nani atakataa kujibu hapo? Kwa mtindo huo amewahoji mafundi wa mji mzima, pamoja na mwalimu mmoja wa chuo mwenye ndevu nyingi, ambaye somo lake lilichukua saa nzima. Mimi nilijifunza kwa kuungua vidole miaka minne kwa fundi aliyekuwa akinipiga kwa bisibisi. Basi mtu asinishangae nikisema roho iliniuma.

Lakini yote hayo ningeyameza kama isingekuwa mama.

Masikio ya mama yalibaki kwenye kiwanda cha nguo. Alisimama miaka ishirini na sita katikati ya mashine za kufuma, na alipostaafu akawa hasikii hata mlango ukibamizwa. Mkisema naye mnamkabili usoni, polepole, asome midomo. Muziki anausikia kwa mkono. Nyumbani kwangu amplifaya iko juu ya spika kubwa. Mama anavuta kiti, anaweka kiganja juu ya bati la amplifaya na kukiacha hapo alasiri nzima. Joto la bati linamtuliza vidole, na mtetemo wa spika unamletea wimbo. Anaijua kanda yake yote. "Hapa yule mwanamke anaingia," anasema, na kweli mwanamke anaingia. Alihamia kwangu baba alipofariki, na kwa miaka tisa kiti hicho hakikuwahi kukaliwa na mtu mwingine.

Sasa, amplifaya yangu inanguruma. Si sana, mgeni hatambui. Lakini kiganja cha mama hakidanganyiki. "Humu mna panya," hulalamika kila mara. Na dawa ya panya huyo naijua. Amplifaya inachukua umeme wa ukutani, transfoma inaupunguza, kapasita zinaulainisha. Nyaya zinazorudisha umeme zikifungwa huku na huku ovyo, mngurumo unapenya kwenye spika. Inabidi uzifungue zote, moja moja, uzikutanishe kwenye skrubu moja. Ni kazi ya siku nzima, na mimi siku nzima sina. Redio za watu kwanza. "Wiki ijayo, mama," humwambia, naye husoma midomo yangu na kutabasamu kama mtu anayesoma tangazo la zamani ukutani.

Mdogo wangu alianza kuchokonoa amplifaya yake mwanzoni mwa mwaka. Aling'oa transfoma ya kiwandani akaweka kubwa mara mbili, aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa ya ukumbi fulani. Akaongeza kapasita nne nene kama makopo ya maziwa. Akabadilisha nyaya zote za umeme. Mimi nilikuwa nikipata habari kutoka kwa shemeji, mke wake, na nilikuwa nikicheka mpaka mbavu zinauma, kwa sababu baada ya jasho lote hilo mashine yake ilinguruma kuliko yangu. "Mwambie apake povu," nilimwambia shemeji.

Kisha Jumapili moja mama akaenda kuwatembelea, akarudi ameng'aa uso.

"Ya mdogo wako haina panya," akaniambia. "Imetulia kabisa. Wimbo mtupu! Tena inanitekenya vidole, raha kweli."

Nikamwuliza anatekenywaje. Akanitekenya kiganja kwa ncha ya kidole, akacheka kama msichana. Mimi sikucheka. Nilichosikia ni kwamba kinyozi ameweza. Amekaa siku nzima, labda siku mbili, amezikutanisha nyaya zake zote mahali pamoja kwa ajili ya mama, kazi ambayo mimi fundi nimeiahirisha miaka tisa. Chakula cha siku hiyo kilinishinda. Mke wangu akauliza kama naumwa, nikasema ni jino.

Jumapili iliyofuata mama alikwenda tena, na iliyofuata. Wiki ya sita akatuweka kikao, mimi na mke wangu. Alisema hajakosewa na mtu, tumemtunza vizuri, ila angependa sasa akae kwa mdogo wangu. Jumamosi saa tisa atahama. Nikasema sawa, mama. Nikaenda kazini nikakaa mbele ya redio ya mtu kwa saa mbili nzima bila kuifungua.

Ijumaa nikashindwa kuvumilia, nikaenda kunyolewa. Mimi hujinyoa mwenyewe, kwa sababu za heshima, kwa hiyo mdogo wangu aliponiona mlangoni alifurahi hata akamwinua mteja aliyekuwa mbele yangu. Alipomaliza akafunga chumba, akaniongoza hadi nyumbani kwake uani.

"Kaka, kwa muda mrefu nataka uione. Naogopa kukusumbua, una kazi nyingi."

Alichomoa plagi, akafungua skrubu, akainua mfuniko. Nisiwe mwongo: kazi ilikuwa nzuri. Nyaya zilikuwa zimelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa, zimefungwa kwa uzi mweusi kila baada ya vidole viwili. Hakuna tone la solda lililomwagika. Kwenye meza yangu hakujawahi kutoka kitu kisafi hivyo, na nilijisikia kama mtu aliyevaa shati chafu harusini. Kisha nikaangalia vizuri zaidi. Nyaya za kurudisha umeme zilikuwa zimefungwa sehemu tano tofauti. Skrubu ya pamoja haikuwepo. Sasa huo utulivu umetoka wapi?

Nikauona. Waya wa rangi ya kijani na njano, waya wa ethi, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa kwa ustadi na kufungwa kwa uzi mweusi kama zawadi.

Kazi ya waya huo ni moja tu. Umeme ukitoroka ndani ya mashine ukaingia kwenye bati, unaupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Ukiukata, kweli, mara nyingi mngurumo unanyamaza. Lakini siku umeme unapotoroka, njia unayobaki nayo ni mkono wa atakayeligusa bati.

"Kuna kosa, kaka? Sema ukweli."

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza bila kuona haya. Kinyozi! Nilitaka kuruka. Lakini tulikuwa wawili tu pale, na mimi sikutaka kusema mbele ya mtu mmoja. Kesho mama anahamia. Watakuwepo shemeji, mke wangu, na shangazi yetu, ambaye tangu mwaka uanze ameacha kuniita Fundi na kuanza kumwita hivyo mdogo wangu. Kesho nitafungua mfuniko mbele ya wote. Siku moja tu, nikajiambia. Wiki sita zimepita na hakuna aliyedhurika.

"Hamna kosa," nikasema. "Kazi safi."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalimjaa maji, na mimi nikaangalia pembeni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kazini kuchukua bisibisi yangu yenye mpini mwekundu na tesa, ile ndogo ya taa, ukigusa kwenye umeme inawaka. Niliporudi mama hayupo. Mdogo wangu alikuja mapema, mke wangu akasema, na begi la mama limeshakwenda. Nikakereka, lakini si kitu, hadhira bado ipo. Nikanawa uso, nikachagua shati, nikasimama mbele ya kioo kuijaribu hotuba yangu. "Ndugu zangu, ufundi si mchezo," nilianza.

"Unaongea na nani?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Na jino," nikasema.

Nilikuwa kwenye kifungo cha pili cha shati nilipokumbuka. Inanitekenya vidole, raha kweli.

Joto halitekenyi. Muziki hautekenyi hivyo, kama ncha ya kidole kiganjani. Umeme ulikuwa umeshaanza kutoroka. Transfoma ile kuukuu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwenye bati kwa wiki sita, na mama yangu alikuwa ameuwekea kiganja, akicheka. Mimi nilichukulia kule kutekenywa kuwa ni kijembe.

Sikufunga kifungo cha tatu. Nilitoka mbio, mtu mzima mwenye kitambi, shati wazi, tesa mkononi. Watu wakanipisha. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, wamekaa wote, na mama yuko kwenye kiti chake kipya, kiganja juu ya bati, amefumba macho.

"Mama!" nikapiga kelele. "Toa mkono! Mama!"

Nilikuwa nimesahau kwamba hasikii. Nikajitupa ukutani nikang'oa plagi. Muziki ukakatika. Mama akafumbua macho, akaangalia kiganja chake, kisha akaniangalia mimi nikiwa magotini nahema.

Nikamsogeza mama na kiti chake mbali na bati. Nikarudisha plagi, nikagusa bati kwa tesa. Ile taa ikawaka. Haikuwaka sana, lakini kila mtu aliiona. Shangazi akaziba mdomo. Hiyo ndiyo hadhira niliyoitaka, wote wamenikodolea macho, na hotuba naijua kwa moyo. Nikachomoa tena plagi.

"Nani alikwambia ukate waya wa ethi?" nikamfokea mdogo wangu.

Alikuwa amepauka. "Wewe, kaka."

"Mimi?"

"Redio ya baba. Ilikuwa inanguruma, ukaukata, mimi nimekushikia taa. Nikakuuliza wa nini, ukasema huu ni urembo tu wa kiwandani. Nilihangaika na mashine hii miezi miwili, halafu nikakukumbuka wewe."

Nikakumbuka na mimi. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, na nilizikata nyaya hizo nyingi enzi hizo, mpaka mteja mmoja alipotupwa chini na redio niliyoitengeneza. Alipona. Niliacha kimya kimya, sikumwambia mtu, na aliyeshika taa sikumwambia pia.

Mdogo wangu akasogea karibu, akashusha sauti. "Na jana nilikuonyesha, kaka."

Nilitamani anitukane.

"Anasema nini?" mama akauliza, akitutazama midomo mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?"

Mdogo wangu akamgeukia, akachuchumaa ili amwone vizuri. "Waya mmoja ulikuwa umelegea, mama," akasema polepole. "Kaka ameuona mapema. Amekuja kunisaidia."

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuweza kusema vile.

Nikarudi nyumbani nikafungua amplifaya yangu, nikang'oa transfoma yake. Ilikuwa nzima, volti zilezile, tena ya kampuni ileile iliyotengeneza mashine yake. Nikaipeleka. Tulikaa sakafuni tangu saa tano mpaka jioni, mimi na yeye, mfuniko kando. Tuliitupa ile kuukuu, tukaweka yangu, tukarudisha waya wa ethi, kisha tukazifungua nyaya za kurudisha umeme, zote, moja moja, tukazikutanisha kwenye skrubu moja. Mimi nilichomelea. Yeye alizichana upya akazifunga uzi. Mara mbili nilitafuta kosa kwenye mafundo yake ili nimrekebishe, sikuliona. Redio za watu zilinisubiri siku hiyo nzima na hakuna aliyekuja kuzililia.

Tulipowasha nikagusa bati kwa tesa mara tatu. Taa haikuwaka. Nikamrudishia mama kiti chake, nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikauweka juu ya bati.

Akafumba macho. Akasubiri. Wimbo ukaanza, na kabla haujafika kwa yule mwanamke, mama akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Panya hayupo," akasema. "Na kule kutekenya kumekwisha. Sasa ndiyo safi kabisa."

Akafumbua macho, akaniona nimesimama pale na shati langu la vifungo viwili, mikono myeusi. Akanionea huruma. Akanipigapiga mkono, kama alivyokuwa akifanya nikileta ripoti mbaya ya shule.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "usione aibu. Mwambie mdogo wako aje akutengenezee na ya kwako."

Mdogo wangu akafungua mdomo kumwambia ukweli. Nikamkanyaga mguu. Kisha nikainama, nikamkabili mama usoni, aisome vizuri midomo yangu.

"Nitamwambia, mama," nikasema. "Wiki ijayo."