Nyumba ya Katoni

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake. Ikiwa moto hunukia kama uji, lakini ikilala siku mbili ndani ya kopo huchacha, na chumba kizima hunuka kama mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minne nyumba yetu mjini Baraka, kando ya ziwa, ilinuka hivyo karibu mwezi mzima, maana nilikuwa nikigandisha katoni za sabuni na za biskuti ili nijenge jumba kubwa la mawe ambalo sikuwa nimewahi kuona la kufanana nalo, wala sijaliona mpaka leo. Mama alilalamika kila asubuhi kwamba nzi wote wa bandarini wamehamia kwetu. Baba alimwambia aniache, mtoto anafanya kazi ya shule, na kwetu maneno hayo yalitosha kumaliza ubishi wowote. Natamani siku moja tu angenipiga marufuku.

Jumba hilo lilitoka kitabuni. Mwalimu wetu wa Kifaransa, kijana mwembamba aliyekuja kutoka Uvira na sanduku la vitabu kubwa kuliko begi lake la nguo, alikuwa na nakala moja ya riwaya ya zamani ya Ulaya, ya aina ile iliyoandikwa kumtia msomaji hofu. Ndani yake kulikuwa na upepo unaolia madirishani, bwana mwenye siri, na dada yake aliyefungiwa chumba cha nyuma miaka mingi bila mtu kukiri kwamba yupo. Alitusomea kwa sauti muhula mzima, akitueleza kwa Kiswahili pale tulipopotea, na darasa la watoto arobaini na kitu lilikuwa kimya kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Alipofunga kitabu akatangaza kwamba kila mmoja atafanya kazi yake peke yake. Unaweza kuandika daftari la siku, yaani kumbukumbu za kila siku, la mtu yeyote wa kitabuni, au kuchora ramani, au kujenga mfano mdogo wa jumba, ambao yeye aliuita maketi. "Musikopiane," alisema. "Kila mutu atafute mu kichwa yake." Mimi nikachagua maketi, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa cha kubahatisha na mikono yangu ilikuwa na akili kuliko mimi.

Wa kwanza darasani kwa Kifaransa alikuwa Zaina, na Zaina alikuwa rafiki yangu. Baba yake alikuwa na boti mbili za kubeba chumvi na vitenge, na nyumba yao ilikuwa karibu na ziwa, yenye baraza mbele na ua wa matete nyuma. Wageni waliishia barazani. Mimi nilipita moja kwa moja mpaka uani, nikafunua masufuria bila kuuliza, nikapigwa kofi la mgongoni na mama yake kama mtoto wake mwingine. Ndiyo maana nilimjua Salama. Alikuwa mdogo wake mama Zaina, na aliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya jiko, chenye mlango wa buluu uliofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Salama alikuwa na kifafa. Alipokuwa msichana alianguka juu ya mafiga, na upande wa kushoto wa uso wake ulibaki umekunjamana na kung'aa. Kule walikoishi kwanza watu walisema ugonjwa wake unaambukiza kwa mate, wengine wakasema ni mapepo, na siku moja walimrushia mawe kisimani. Kwa hiyo walipohamia Baraka waliamua asionekane. Mtu akibisha hodi, Salama aliingia chumbani mwake akavuta mlango, na majirani hawakujua kama ndani ya ua ule kuna mtu mwingine.

Mimi nilijua, na hakuna aliyewahi kuniambia nisiseme. Waliona haina haja. Kila Jumamosi Salama alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka kwa uzi mweusi, akitukana nywele zangu kwa upendo, na sijapata tena msusi asiyeumiza kama yule. Mimi na Zaina tukawa tunamsimulia riwaya. Alisikiliza kwa makini, halafu aliuliza mambo ambayo mwalimu hakuwahi kuyafikiria. "Ule dada, mule ndani anakulaka nini? Na nani anamusuka?" Kitabu hakikusema. Zaina akaamua kwamba kazi yake itakuwa kuandika daftari la siku la yule dada, na Jumamosi mbili mfululizo niliwakuta wawili hao mkekani, Zaina akiandika, Salama akimwambia cha kuandika, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Sikupenda. Niseme ukweli: nilijua kwamba daftari lile litakuwa zuri kuliko katoni zangu, na wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maketi yangu ilikuwa imesimama. Ukuta ulikuwepo, na paa, na madirisha ya nailoni, lakini chumba cha dada kilinishinda, maana sikujua chumba cha namna hiyo kinafananaje. Mwalimu alikuwa amesema tutafute vichwani, na kichwani mwangu kilikuwepo kimoja tu. Nikajenga chumba nyuma ya jiko. Nikaupaka mlango wake rangi ya buluu, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli, nikazungushia ua wa vijiti vya matete. Kisha nikatengeneza mwanasesere wa kitambaa. Nywele zake nilizifanya kwa uzi mweusi uliobaki kichwani mwangu nilipofumua, na upande wa kushoto wa uso nilimchoma kwa kaa la moto. Nakumbuka nilivyotoa ulimi nje kwa umakini. Mikono ya Salama ilinisuka kila wiki, na mimi nikamtengenezea mwanasesere wake kucha ndefu za miiba, kwa sababu nilitaka darasa liogope.

Liliogopa kweli. Nilipofungua mlango wa buluu na kumtoa yule mwanasesere, wasichana walipiga kelele, na mwalimu mwenyewe akarudi nyuma hatua moja, akacheka. Mimi nilikuwa mbinguni. Ndipo mmoja aliyekaa nyuma, ambaye nyumba yao ilipakana na ya kina Zaina, akasimama juu ya benchi. "Lakini hii iko nyumba ya kwa ba Zaina! Angalia ile lupango ya matete!" Darasa likageuka. Zaina alikuwa benchi la pili, daftari lake mikononi, maana alikuwa anifuate. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa unaniomba. Mwalimu akauliza, bila ubaya, kwa hamu ya mwalimu tu, "Ni kweli? Ulitoa mufano kule?" Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa kwangu kwa mara ya kwanza maishani, na nikasema, "Ndiyo. Kule iko mutu banafichaka." Nikaendelea. Nikataja kifafa, nikataja moto. Nilipomaliza, Zaina alikuwa ameliingiza daftari lake kwenye mfuko na kusema hakumaliza kazi yake, na mwalimu akamwandikia sifuri. Mimi nilipata kumi na nane kati ya ishirini, pointi za juu kuliko wote.

Haikuchukua wiki. Watoto walianza kusimama kwenye ua wa matete wakimwita "dada wa mu kitabu" atoke wamwone. Bamama wa kundi la maombi walikuja na nyimbo na chupa ya mafuta, wakitaka wafunguliwe. Wateja wa maandazi ya mama Zaina wakapungua, kwa kuogopa mate. Salama akaanza kuanguka mara mbili au tatu kwa siku, wakati zamani ilikuwa mara moja kwa mwezi. Mwishowe walimpandisha kwenye pikipiki mchana kweupe, amejifunika mtandio mpaka machoni, wakampeleka Nundu kwa shangazi mzee aliyeishi peke yake. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na sikuthubutu kuinua mkono. Nilipokwenda kuomba msamaha, nikiwa nimefundishwa na mama maneno ya kusema, Zaina alitoka mpaka barazani na kuvuta mlango nyuma yake. "We ulikuwa mutu ya ndani," aliniambia. Hilo tu. Mwaka uliofuata walihamia Kigoma, na mimi nikabaki na pointi zangu.

Leo ni mimi ninayefundisha Kifaransa hapa Baraka, na mambo si yale. Katika kituo cha afya kuna vidonge vya kifafa, redio inaeleza kwamba hakiambukizi, na darasani kwangu kuna mvulana ambaye akianguka wenzake husogeza mabenchi, wanamlaza ubavu, wanamsubiri, kisha tunaendelea na somo. Riwaya za jumba na upepo nazisoma nao pia, wanazipenda. Mwaka jana, baada ya kuahirisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, nilipanda pikipiki kwenda Nundu nikamwambie Salama ukweli kwa kinywa changu.

Nilimkuta amekaa nje mbele ya cherehani, uso wazi, watu wakipita na kumsalimia. Shangazi alifariki, nyumba ni yake sasa, na dawa anameza kila siku. Alinitambua kabla sijafika. "Mutoto wa nywele ngumu!" alipaza sauti, akanikumbatia, akanisongea bugali na kunikaangia ndagala, vile visamaki vya ziwani, na kila nilipofungua kinywa aliniambia nile kwanza. Nilikuja na maneno yangu tayari. Lakini yeye ndiye aliyeanza, huku akinimwagia maji ya kunawa. Alisema balimuleta Nundu ili awe karibu na dawa, ndivyo Zaina alivyomweleza, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemkumbuka. Miaka yote Zaina hakumwambia nilichofanya. Kisha akasogeza kiti karibu, macho yakimcheka. "Na ile kazi ya kitabu? Ile ya dada? Zaina hakuniambiaka mwisho yake. Mulipata ngapi?"

"Kumi na nane," nilisema. "Juu ya makumi mbili."

Salama akapiga makofi kwa furaha.