Mfumo wa Mtu Mmoja, Wagonjwa Mia Nne

Saa moja kasoro asubuhi, Theodosia Lipindi anafungua mlango wa mapokezi, anabonyeza kitufe cha kompyuta kabla hata hajavua koti la mvua, kisha anasimama. Hakai. Anakitazama kioo cheusi, mkono mmoja kiunoni, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayesali kimoyomoyo.

Kioo kinawaka. Inatokea rangi ya kijani, halafu neno "Karibu". Ndipo anavuta kiti.

"Zamani nilikuwa nawasha huku napiga soga na mlinzi," anasema. "Siku hizi hata mtu akiniamkia simsikii mpaka nione ile kijani."

Nje benchi limekwisha kujaa. Yupo mama aliyefika jana kwa treni kutoka Chita na kulala kwa shemeji yake mjini. Yupo mzee wa Kisawasawa mwenye kofia ya sufu, na msichana aliyeshika chupa tupu ya dawa kwa mikono miwili.

Theodosia, mwenye umri wa miaka 47, ni karani wa mapokezi katika zahanati ndogo ya binafsi mjini Ifakara. Wagonjwa anaowahudumia wengi wana kifafa. Wamepita mia nne, na wametawanyika bonde zima la Kilombero, kutoka vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa hadi Michenga, ambako masika maji huingia hadi mashambani.

Dawa ya kifafa haitaki kukatizwa. Mgonjwa akipitisha siku kadhaa bila kumeza, anaweza kuanguka tena hata kama alikuwa mzima kwa miaka. Na bondeni humu watu wanapikia kuni na kuvua samaki, hivyo anayeanguka huangukia motoni au majini.

Kwa hiyo kazi ya Theodosia, ukiondoa kuandikisha na kupanga foleni, ni moja: kuhakikisha mtu anarudi kabla dawa hazijamwishia. Kazi hiyo, kwa miaka sita sasa, anaifanya kwa msaada wa mfumo wa kompyuta uliotengenezwa Morogoro na kampuni ya vijana wawili, Fulgence Mkude na mwenzake Evod.

Mfumo unajua nani alichukua dawa lini na zitamfikisha hadi lini. Siku chache kabla hazijaisha, unamtumia ujumbe kwenye simu yake au ya ndugu yake.

"Fulgence aliupika hapa hapa," anasema Theodosia, akionyesha benchi la nje. "Alikaa na wagonjwa karibu wiki nzima, anasikiliza. Watu walidhani naye ni mgonjwa, wakawa wanampa pole."

Anakumbuka ujumbe wa kwanza kabisa. Uliandikwa wazi: "Dawa zako za kifafa zinakaribia kuisha." Binti mmoja aliyekuwa ameposwa aliacha simu mezani, mchumba akasoma. Posa ikavunjika.

"Nilimpigia Fulgence nalia. Hakuniambia niandike barua wala nisubiri. Jioni ile ile akabadilisha. Tukakubaliana iandikwe hivi: 'Mzigo wako uko tayari, njoo uchukue.' Anayejua anajua. Asiyejua atafikiri ni gunia la mpunga."

Tangu hapo, wagonjwa wenyewe wakaanza kuziita dawa zao mzigo. Walioacha matibabu wakarudi. Theodosia akaacha kuzunguka na bodaboda kila Jumamosi kutafuta watu.

Halafu ikaja masika ya mwaka huu.

Mwezi Machi benchi lilianza kupwaya. Siku watu wanne, siku watatu. Theodosia hakushtuka sana. Mvua zilikuwa kubwa, barabara za ndani zimekatika, na huo ndio wakati ambao familia nyingi huhamia mashambani kulinda mpunga. Kila alipotazama mfumo, mbele ya kila jina palikuwa na neno lile lile: "Umetumwa".

"Nilisema ujumbe wamepata, wameamua wenyewe kuchelewa. Nikawalaumu moyoni."

Asubuhi moja akaingia Violeth, mke wa mvuvi aitwaye Agapiti wa Michenga. Nguo zake zilikuwa na tope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Violeth. Karibu ukae. Agapiti yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye bajaji. Hawezi kusimama vizuri." Hakukaa. "Mama, mbona hamkutuita?"

"Kuwaita vipi?"

"Mzigo. Hamkutuambia. Tukasema labda mmebadilisha utaratibu, labda zile dawa za mara hii ni za muda mrefu. Zikaisha, tukawa tunasubiri simu." Akaiweka simu yake juu ya meza. "Angalia mwenyewe."

Theodosia aliangalia. Kisha akageukia kompyuta na kutafuta jina la Agapiti. Pale palikuwa na neno "Umetumwa", na tarehe yake. Kwenye simu ya Violeth hapakuwa na kitu.

Theodosia anasema, "Hapo ndipo nilijua si Agapiti peke yake."

Agapiti alikuwa hajaanguka kwa miaka minne. Ndiyo maana alirudi kuvua mtoni, kazi aliyokatazwa alipokuwa anaumwa. Siku aliyoanguka tena alikuwa mtumbwini na kaka yake, Dionisi, wanatoa kambale kwenye nyavu. Alikakamaa, akapiga paji la uso kwenye ukingo wa mtumbwi, akazama. Dionisi alijirusha akamshika shati.

"Bila kaka, mimi leo ningekuwa hadithi," anasema Agapiti, ambaye kovu bado linaonekana juu ya jicho la kushoto. Alipoulizwa kwa nini hakuhesabu vidonge mwenyewe, alicheka kidogo bila furaha. "Kambini kule kwa wavuvi hata siku ya wiki hatujui. Tulishazoea simu itatukumbusha. Na kweli ilikuwa inakumbusha."

Siku ile Violeth alipokuja, tabibu wa zahanati, Sylvanus Ngayonga, alisimamisha kazi zote zisizo za dharura. Wafanyakazi wote, pamoja na mlinzi, waligawana majina na kuanza kupiga simu. Wengi walipatikana. Bibi mmoja wa karibu na Kisawasawa alikuwa ameungua kiganja jikoni. Wengine walikuwa wameanguka na kuficha. Wengine walikuwa na vidonge vya mwisho mkononi.

Mmoja hajapatikana hadi leo. Anaitwa Martin, kibarua wa mashamba ya mpunga ambaye huhama kila msimu. Simu yake haiiti.

"Labda amebadilisha laini. Labda yuko Mlimba huko anafanya kazi zake," anasema Theodosia. "Nataka iwe hivyo."

Jioni ya siku ile alimpigia Fulgence. Hakupatikana. Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Akampigia Evod.

"Shikamoo mama," Evod aliitikia kutoka Dodoma. "Pole sana. Lakini mimi nilishatoka kwenye kampuni, niliajiriwa huku tangu mwaka jana. Hakukuambia?"

"Hakuniambia, mwanangu. Sasa nani anaweza kuingia kwenye mfumo?"

"Ni Fulgence tu, mama. Funguo zote anazo yeye."

Theodosia anasema hapo ndipo alipoielewa vizuri hali yao. Kwa miaka sita alikuwa akisema "kampuni", kumbe ni mtu mmoja mwenye simu moja.

Aliomba ruhusa, akapanda basi la asubuhi kwenda Morogoro. Lilipopita Kisawasawa aligeuza uso upande wa pili, akiogopa kumwona mtu anayemfahamu kando ya barabara. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, yote makali.

Ofisi aliyoelekezwa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa imegeuka saluni. Msusi mmoja akamwambia kijana wa kompyuta amepata ajali, yuko kwa mama yake Kihonda.

Alimkuta amelala kwenye godoro sebuleni, mguu una plasta, mkono umefungwa. Pikipiki aliyopanda iligongwa na gari. Pale alipoangukia, watu waliomsaidia walikuwa wengi, na mmoja wao aliondoka na simu yake.

"Shikamoo mama. Umekuja mpaka huku?"

"Marahaba mwanangu. Pole. Kwanza pole." Theodosia anasema maneno aliyoyapanga kwenye basi yalimpotea. Alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza habari za Agapiti na mto.

Fulgence aliziba uso kwa mkono mzima. "Mungu wangu. Ile huduma ya kutuma ujumbe huwa inaisha. Kila baada ya miezi kadhaa naingia mwenyewe naihuisha. Safari hii nilikuwa wodini."

"Na lile neno 'Umetumwa'?"

"Kompyuta yenu inasema 'Umetumwa' ujumbe ukitoka kwenu, mama. Haijui kama umefika. Nilipaswa kuliona hilo zamani."

Kwa simu ya mama yake na kompyuta iliyokuwa chini ya kitanda, huku Theodosia akimshikia taa ya tochi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, Fulgence alianza kurudisha huduma. Laini yake ilibidi ifufuliwe kwanza, kwa kuwa namba za siri zote zilikuwa zinatumwa humo. Ilichukua siku mbili. Theodosia alilala kwa mama Fulgence, akisaidia kupika.

Kabla ya kuondoka aliuliza swali ambalo, anasema, lilimpa tabu kulitamka mbele ya mama mzazi.

"Fulgence, safari hii umevunjika mguu. Je, ungekufa?"

Mama yake aliacha kuchambua mchicha.

"Mama, hata mimi wodini nimelala na swali hilo," alisema Fulgence.

Akizungumza na mwandishi wa makala haya kwa simu, Fulgence, mwenye umri wa miaka 34, hakujitetea. Anasema ana wateja tisa tu, wengi zahanati na shule ndogo, na anawafahamu hadi watoto wao. "Wananipenda kwa sababu wakipiga napokea mimi. Ubaya wake ndio huo huo. Nisipopokea mimi, hakuna mwingine."

Zahanati ilifikiria kuhama. Sylvanus aliwaalika watu wa kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam, wakaja na mfumo wao mzuri wenye mambo mengi. Lakini ulitaka mtandao muda wote, jambo gumu Ifakara wakati wa mvua, na ujumbe wake ulikuwa wa aina moja kwa wateja wote nchini, ukianza na jina la zahanati.

"Nilimuuliza yule kijana wao kama tunaweza kuandika maneno yetu," anasema Sylvanus. "Akasema ataliwasilisha makao makuu. Alikuwa mkweli, simlaumu. Nikawaza pia wale mabinti wanaoacha simu mezani. Basi hatujahama. Lakini na kutulia hatujatulia."

Badala yake walikubaliana na Fulgence mambo ambayo, kwa maneno ya Sylvanus, walipaswa kukubaliana siku ya kwanza. Evod amekubali kukaa na nakala nzima ya mfumo na funguo zake, hata kama ana ajira nyingine. Huduma ya ujumbe sasa iko kwa jina la zahanati, na ikikaribia kuisha taarifa inakuja kwa Sylvanus na Theodosia. Kila wiki kompyuta inatoa taarifa za wagonjwa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma bila mfumo huo.

Wasiwasi, hata hivyo, haujamtoka Theodosia. Halisadiki tena lile neno "Umetumwa". Kila Ijumaa anawapigia watu wachache wa Chita, Michenga na Kisawasawa kuwauliza kama simu zao zimelia. Mume wake, fundi seremala, anasema siku hizi mkewe akisikia simu usiku huinuka na kukaa kitandani kabla hata haijaita mara ya pili.

"Ananiuliza, kwani mfumo ni wako? Namwambia si wangu, lakini wale watu ni wangu," anasema Theodosia.

Violeth amerudi kuchukua mzigo wa mume wake mara mbili tangu wakati ule. Mara ya kwanza aliuchukua akaondoka. Mara ya pili alimletea Theodosia mchele mpya, akauweka mezani bila maelezo, akatoka. Agapiti anameza dawa zake, lakini bado Violeth hamruhusu kupanda mtumbwi. Anasuka nyavu nyumbani na kumtuma Dionisi.

Theodosia sasa ana mpango mmoja ambao hata Sylvanus mwanzoni aliuona wa ajabu. Mwezi ujao, mavuno yakipungua na watu wakirudi vijijini kwao, anataka kuzima mfumo kwa makusudi, wiki nzima. Nakala zitakuwa tayari kwa Evod. Fulgence ameombwa asipokee simu ya mtu yeyote kutoka Ifakara. Wafanyakazi watatakiwa kumtafuta na kumpa dawa kila mgonjwa wa wiki hiyo wao wenyewe, na Evod atajaribu kuufufua mfumo peke yake akiwa Dodoma.

Fulgence amekubali. Alipopigiwa aliuliza tu, "Na nikishindwa kuvumilia nikapokea?"

Theodosia alimwambia ampe mama yake simu aifiche.

"Naogopa, sikufichi," anasema, akimwita mama wa Chita aje dirishani. "Huenda tukashindwa. Huenda tukagundua kwamba bila yeye hatuwezi kitu. Lakini nataka tushindwe Fulgence akiwa hai, anakunywa chai nyumbani kwao, na ninaweza kumpigia nikamwambia, mwanangu, tumeshindwa, njoo."