Nahashon Aliyefasiri Kimalayalam

Waliomjua Nahashon Njeru kule New Hope, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, walidhani alizaliwa kimya. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha makao ya wazee, akikunja mashuka mpaka mgongo ugome, kisha akarudi nyumbani, akala, akashukuru, akalala. Mkewe Keziah, muuguzi msaidizi kwenye makao hayo hayo, ndiye pekee aliyemkumbuka akiwa mcheshi, enzi alipokuwa akipanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Nairobi. Yeye Mtaita, mumewe Mwembu. Tangu uchumba walizungumza Kiswahili.

Mwaka 1986 wanaume waliovaa suti walimchukua Nahashon kiwandani kwa ajili ya karatasi za kuipinga serikali, karatasi ambazo hata hakuwa amezichapa. Alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, miguu imevimba na ngozi inabambuka. Keziah alipomwuliza walimfanya nini, alijibu, "Nimerudi, Mama Wanja. Si nimerudi?"

Aliuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine, halafu akachoka. Walipohamia Minnesota, kimya hicho walihama nacho. Zamu mbili, theluji, bili, kanisa. Hawakugombana. Hata kugombana kunataka nguvu.

Jumapili moja ya Februari 1996, Aleyamma, muuguzi mwenzake Keziah, aliwaalika nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Yeye na mumewe Kurien walitoka Kerala, kusini mwa India. Walikula wali na samaki wa nazi, kisha Kurien akatia kanda ya video kwenye mashine.

"Ni ya kwetu, kwa Kimalayalam," Aleyamma alisema. "Haina maandishi ya Kiingereza. Nitawaeleza."

Akaeleza: ni mwaka 1975, serikali ya Delhi imetangaza hali ya hatari. Magazeti yanazibwa mdomo, watu wanakamatwa bila kesi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi anashukiwa kubandika matangazo ukutani usiku.

Kurien, aliyekesha kazini, akasinzia. Aleyamma akaenda jikoni kuchemsha chai. Kwenye televisheni, mwalimu aliketishwa mbele ya ofisa mnene mwenye sauti ya upole.

"Huyu anasema nini?" Keziah aliuliza, bila kumlenga mtu.

"Anamwuliza kama amekula," Nahashon akajibu.

Keziah akageuka. Mumewe alikuwa ameegemea kochi, macho kwenye kioo cha televisheni.

"Sasa anamwambia hana haraka. Ana siku nzima. Anamwambia mwenzake ameshasema yote, amebaki yeye tu." Ofisa akatabasamu, akainama mbele. "Sasa anamwuliza habari za mke. Anamtaja kwa jina. Anasema anajua anakopitia akienda sokoni."

Aleyamma alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akamwuliza Keziah kwa Kiingereza mumewe anasema nini, na Keziah akamtafsiria. Aleyamma akaweka sinia chini polepole.

"Ndivyo kabisa. Nani alimfundisha Kimalayalam?"

Nahashon aliendelea, sauti yake ile ile ya mtu anayesoma maandishi ya kwenye boksi la sabuni. "Sasa atanyamaza. Akinyamaza ndipo wale wengine wanaingia."

Mlango ukafunguka kwenye filamu, wakaingia wanaume watatu wamekunja mikono ya mashati.

Keziah akamshika mkono. "Baba Wanja. Walikutajia jina langu?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kwenda sokoni. Na mtoto angekula nini?"

Aleyamma alitaka kuizima. Nahashon akamwomba aiache. Mwishoni mwalimu aliachiliwa. Mji mzima ukamngoja langoni kwa ngoma na mashada ya maua, wakambeba mabegani. Nahashon akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mimi nilitolewa mlango wa nyuma," alisema. "Nikaambiwa nisimame pale mpaka gari lao liondoke. Nikatembea. Nilipofika nyumbani ulikuwa umepika ugali na mboga, nikashindwa kutafuna."

"Nilidhani umekataa chakula changu."

"Najua ulidhani hivyo."

Wakanywa chai iliyopoa, wakashukuru, wakaenda zao. Keziah ndiye aliyeendesha gari. Hakulia, alikuwa na zamu kesho yake alfajiri.

Baada ya siku ile Nahashon hakugeuka msemaji. Lakini mara moja moja, wakiwa garini, wote wawili wakitazama mbele, alitoa kipande cha kisa chake: maji yaliyojaa sakafuni, mlinzi mmoja aliyemrushia sigara. Keziah alijifunza kutomkatiza, na kupunguza mwendo. Watu waliokuwa nyuma yao walipiga honi, wakawapita.