Ubao wa Juu, wa Katikati na wa Chini

Mamlaka inayosimamia mazao ya misitu ilikwisha kuutangazia umma, kwa bango lililobandikwa kwenye lango la kila ghala la mbao, kwamba biashara ya mbao ngumu inaendeshwa kwa misingi ya kuaminiana; kwamba muuzaji aliyesajiliwa ni mtu mwadilifu; na kwamba, kwa sababu hizo, mnunuzi hana ulazima wa kukagua ubao mmoja mmoja. Bango lilikuwa na picha ya watu wawili wakipeana mikono mbele ya mti. Mti wenyewe ulikuwa wa mapambo, lakini nia ilieleweka.

Fundi Taratibu hakuhitaji kuambiwa hayo na bango. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa akipima ubao, anakunywa maji, kisha anaupima tena. Mkewe alisema hata posa aliileta kwa mtindo huo huo: alikuja, akaangalia, akarudi kwao, akaja tena. Ufundi alifundishwa na Mzee Kiini, seremala aliyekuwa na hotuba moja tu maishani na aliitoa kila siku. "Mti ni kiini," alikuwa akisema, huku akigonga ubao kwa kidole. "Hayo mengine ni nguo."

Kwa mzee huyo Taratibu alijifunza kuchagua mbao za kukaa nje, zile zinazopigwa jua asubuhi, mvua mchana, na mchwa saa zote. Mti ni mvule, na uwe umekomaa. Ukifika ghalani, kila rundo unavuta mbao tatu: wa juu, wa katikati na wa chini. Unaranda kona kidogo upande wa nyuma, unalowesha, unanusa, unabonyeza kwa ukucha. Ukiridhika, unachora mkato mdogo kwa patasi ili ujue huu umepita. Kwa nini tatu tu? Kwa sababu kumwaga rundo zima la mtu chini ni kumwita mwizi mbele ya wateja wake. Fundi mwenye adabu havuti wa nne.

Basi alipojitokeza Madamu, mkunga mstaafu aliyefungua nyumba ya wageni kando ya mto, Taratibu alijua pa kwenda. Madamu alitaka sakafu ya nje, isiyo na paa, wageni wakae wakinywa chai na kutazama maji. Fundi mmoja alikuwa amemshauri amwage zege, yaishe. Taratibu alilipinga zege kama mtu aliyetukanwa.

"Madamu, weka mvule. Sakafu hii utawaachia wajukuu."

"Fundi, mimi mbao sizijui. Ninachojua ni kuzalisha." Madamu alimtazama juu ya miwani. "Kwa hiyo sinunui mbao, nanunua neno lako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Nimelishika."

Mzee Kiini alikuwa amestaafu kazi ya benchi baada ya mgongo kumgomea, na sasa alikuwa na ghala lake mwenyewe. Taratibu alizikuta mbao zimekwisha katwa kwa kipimo, zimerandwa, zimepakwa oili, ncha zimetiwa nta zisipasuke, zimepangwa marundo manne kama maharusi wanaosubiri kuitwa.

"Mzee, mbona umenifanyia kazi yangu yote!"

"Sasa nimfanyie nani, mwanangu? Wewe zako ni skrubu tu."

Hata hivyo Taratibu alivuta mbao tatu kila rundo, kwa sababu mzee mwenyewe angemcheka asingevuta. Zote zilikuwa mvule wa kutajwa: nzito, za rangi ya asali iliyoungua, ukucha hauingii. Akazitia mkato wake. Mzee Kiini alisimama pembeni akitazama, mikono nyuma, kama mwalimu kwenye chumba cha mtihani.

Wakati wa kufunga sakafu, keekee ya kutobolea ilizama kwenye mbao nyingi kwa wepesi wa ajabu. Taratibu alikuwa ametoka kununua keekee mpya, akaisifu sana. Harufu ya mti hakuisikia, maana oili ilikuwa imefunika kila kitu.

Masika ya kwanza yalipita salama. Baada ya masika ya pili sakafu iliota uyoga, na wageni wakaupiga picha. Kisha bwana mmoja wa bima, mtu wa uzito wake, alizama mpaka gotini akiwa na kikombe mkononi. Chai haikumwagika, jambo ambalo alilirudia mara nyingi huku akifungwa bendeji.

Madamu alimpigia Taratibu simu. "Fundi, njoo uone urithi wa wajukuu zangu."

Alikuja na mtaimbo akaanza kung'oa. Mbao zilivunjika mikononi kama mkate wa juzi. Huu haukuwa mvule. Ulikuwa ule mti mwingine unaofanana nao kwa rangi, unaofaa kabati la chumbani na usiowahi kuahidi mtu yeyote kwamba utaistahimili mvua. Akang'oa mwingine, ukavunjika. Wa tatu ukatoka mzima, mzito, mkavu ndani. Akaugeuza. Nyuma yake kulikuwa na mkato wa patasi.

Hakuwaza lolote bado. Aliuweka pembeni, akaendelea. Ukatoka mwingine mzima, nao una mkato. Hapo mikono ikapunguza kasi.

Madamu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona fundi akianza kupanga mafungu mawili, mbao nzima huku na zilizooza kule, na akadhani anahesabu hasara. Taratibu alikuwa akitafuta. Alitaka apate ubao mmoja tu uliooza wenye mkato. Au mmoja mzima usio nao. Mmoja ungetosha kumfanya Mzee Kiini awe mtu aliyeuziwa vibaya na watu wa msituni, kama ambavyo mtu yeyote anaweza kuuziwa. Aligeuza mpaka wa mwisho, kisha akayarudia mafungu yote mawili, taratibu, kama kawaida yake.

Hakuupata.

Kesho yake alimkuta mzee ghalani, kwenye kiti, akipepea inzi kwa kofia. Shikamoo ilimtoka kabla hajaamua kama mzee bado anastahili kuamkiwa.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Madamu hajambo?"

"Sakafu imeoza."

"Mvua za siku hizi si za mchezo."

"Hazikuoza zote, Mzee. Nilizovuta ni nzima, zote. Ambazo sikuvuta zimekwisha, zote."

Mzee Kiini alikung'uta unga wa mbao gotini, ingawa haukuwepo. "Macho yako bado mazuri," akasema.

"Nani mwingine anajua navuta wapi?"

"Hakuna. Si mimi niliyekufundisha?" Aliyasema hayo kwa fahari kidogo, na fahari hiyo ndiyo iliyomchoma Taratibu kuliko mbao zenyewe.

"Kwa nini mimi lakini? Mji mzima umejaa wateja."

"Wateja gani? Hawa wa siku hizi?" Mzee alikunja uso kwa uchungu wa kweli. "Wanakuja hapa, wanamwaga rundo lote chini, wanageuza ubao mmoja mmoja kama wanatafuta kunguni. Hawana adabu hata chembe. Huwezi kufanya nao biashara. Wewe nilikulea vizuri."

Njiani Taratibu alikuwa amepanga maneno mengi, mengine makali sana. Kabla hajalitoa hata moja, aliingia mteja, mwanamke aliyeshika kipimo cha mkanda, akauliza bei ya mvule.

"Umebahatika, mama," mzee akasema, akinyanyuka kwa tabasamu. "Huyu hapa ni mwanafunzi wangu. Muulize yeye kuhusu mbao zangu."

Yule mama akamgeukia. Mzee naye akamtazama, bila wasiwasi wowote, kama baba anayemsubiri mwanawe aamkie wageni.

"Zimwage chini," Taratibu akasema.

"Zote?"

"Zote, mama. Wa nne ndio uanze nao."

Akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ghala lile. Nyuma yake alimsikia mzee akimwambia mteja kwamba vijana wa siku hizi wana utani.

Mvule wa pili aliununua kwa jasho lake mwenyewe, mbali, kwa muuzaji asiyemfahamu. Aligeuza marundo yote huku muuzaji akimtukana tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha alikwenda kwa Madamu kumwomba amruhusu aifunge sakafu upya. Madamu akasema sawa, lete mbao.

Siku mbao zilipofika, pale uani alikuwepo fundi mwingine, yule wa zege. Madamu alisema amemwita aangalie kidogo tu, fundi asichukie. Yule fundi alizikagua zote, na Taratibu alimsaidia kuzigeuza.