Salamu Maria Mbili za Migomba

Jumapili iliyopita, katika kanisa la mtaa wetu hapa Lubumbashi, mama mmoja aliongoza rozari polepole mno, hadi watu wakaanza kukohoa. Mimi nilicheka peke yangu. Pua yangu ilikuwa imeshafika Likasi, kwenye harufu ya matope na maji ya moto.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu. Kambo, yaani mama wa mama yangu, alikuwa na shamba la ndizi za kupika nyuma ya nyumba yetu kule Likasi, nilipokuwa mtoto. Mwaka ule fukusi, kale kadudu keusi kanakotoboa mgomba kwa chini, kalimmaliza. Upepo kidogo tu, migomba chini, na mikungu bado michanga. Kambo akatangaza: "Napanda tena mara moja tu. Kama inaanguka, miye narudia ku mugini." Arudi kijijini, aniache? Nililala naye kitanda kimoja. Nani angenisuka nywele?

Agronome mmoja, yaani bwana shamba, alikuwa amemfundisha: chimba chipukizi, menya kitako chake kama muhogo mpaka kiwe cheupe, kata kila doa jeusi, kisha kichovye katika maji yanayochemka kwa nusu dakika. Saa hatukuwa nayo. Kambo alipima kwa Salamu Maria mbili: moja, kadudu kanapona, tatu, mbegu inaiva. Kusali ilikuwa kazi yangu. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alichungulia juu ya ua: "Eh! Leo banapika mbegu, kesho batapanda bukari!" Bukari ndio ugali wetu.

Nami nikajidai. Masista walikuwa wametufundisha sala ile kwa Kifaransa, basi nikaimwaga mbio. Machipukizi kumi na mawili yakaingia na kutoka bila hata kupata joto. Kambo hakujua Kifaransa. Aliitikia "Amina" kwa heshima zote, akayapanga kivulini yakauke.

Asubuhi niliisukuma chai kando. Nilikuwa nimemfukuza kambo kwa mdomo wangu mwenyewe! Nikamweleza yote huku nalia. Akaniangalia, akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Mutoto weye! Maria anasikiaka Français, lakini kadudu hakasikie!"

Tukawasha makaa upya. Safari hii nilisali kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka akanikanya nisizidishe.

Mvua zikaja, upepo ukaja. Migomba ikayumba, ikasimama. Tulikula ndizi mpaka jirani yuleyule akaja kuomba mbegu, akasimama kando ya sufuria akisali kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Pale sasa pamejengwa nyumba, na kambo tulishamzika. Kijijini hakurudi. Utoto wangu wote niliogopa ataniacha, wala sikuwaza kwamba ni mimi nitakayefunga sanduku la nguo kuja Lubumbashi, na yeye ndiye atakayebaki mlangoni akinipungia mkono.